Milioni iliyopotea Paris: nani alimdai nani kati ya Deane, Lee na Beaumarchais?

Swali la msomaji: Mwalimu, shikamoo. Nilisoma kwamba bunduki walizotumia Wamarekani kuwashinda Waingereza Saratoga zililetwa na mwandishi wa tamthilia wa Kifaransa, Beaumarchais, na kwamba alikufa hajalipwa. Kwingine nikasoma kwamba yeye na mjumbe wa Marekani, Silas Deane, walikuwa matapeli waliouza zawadi ya mfalme wa Ufaransa. Ukweli ni upi? Na ilikuwaje wajumbe wa nchi moja, vita vinawaka nyumbani, wakawa wanatafunana wenyewe kwa wenyewe huko ugenini?

Jibu: Marahaba. Nianze na jibu fupi, kwa wale wasiofika mwisho wa maandishi marefu. Kwa ushahidi tulio nao, Deane hakuwa mwizi, ila alichanganya biashara yake na ya umma kiasi kwamba asingeweza kuthibitisha kuwa si mwizi. Beaumarchais alidai haki yake, lakini kulikuwa na milioni moja ambayo hakutaka kabisa iulizwe. Na yule aliyewashitaki wote wawili, Arthur Lee, alikuwa mtu wa kero isiyovumilika, na bado katika jambo moja kubwa alikuwa sahihi kuliko wenzake wote. Jibu refu linahitaji turudi mwanzo wa 1776, kabla hata Wamarekani hawajatangaza uhuru.

Machi 1776, kamati mbili za siri za Kongresi ya Bara, ile baraza la makoloni yaliyoasi, zilimtuma Silas Deane Ufaransa. Deane alikuwa mwanasheria aliyesoma Yale, akawa mfanyabiashara wa Wethersfield, Connecticut. Kwa nje alikwenda kununua bidhaa za kufanyia biashara na Wahindi Wekundu. Kwa ndani aliagizwa aiombe serikali ya Ufaransa nguo na silaha za kutosha watu 25,000, risasi na baruti za kulingana nazo, na mizinga 100. Pesa taslimu hakuwa nayo. Alichokuwa nacho ni ahadi kwamba tumbaku na mazao mengine yatafuata kwa meli, na kwamba kwa kila atakachonunua atapata kamisheni ya asilimia 5.

Hapo kwenye kamisheni ndipo shina la ugomvi wote lilipo. Kamati ya Siri iliyokuwa ikitoa mikataba ya ununuzi ilijaa wafanyabiashara, na mkubwa wao alikuwa Robert Morris wa Philadelphia, ambaye kampuni yake mwenyewe, Willing & Morris, ilipata sehemu nono ya mikataba hiyo. Tusimhukumu Morris kwa macho ya leo. Kongresi haikuwa na wizara, benki wala meli za kutosha, na watu pekee wenye mawakala Nantes, Bordeaux na visiwa vya Karibi walikuwa wafanyabiashara. Ukitaka baruti, unamwendea mwenye meli. Lakini meli hiyohiyo ilibeba shehena ya umma na ya mtu binafsi, na ikitekwa na Waingereza njiani, shehena iliyopotea ilikuwa ya nani? Hesabu za namna hiyo zilimtesa Deane mpaka kaburini.

Wala haukuwa mtindo wa Wamarekani peke yao. Septemba 1776, Deane akiwa ndiyo kwanza anazoea Paris, mfanyabiashara mwingine Mfaransa, Morice, alitia saini mkataba na Sultani wa Kilwa wa kuuziwa watumwa 1,000 kila mwaka. Mwenye meli alijadiliana na mtawala kana kwamba ni balozi, na faida ikawa yake. Karne ile mpaka kati ya mjumbe na mchuuzi ulikuwa mwembamba sana.

Sasa tumtazame Beaumarchais. Mtoto huyu wa fundi saa aliyejipenyeza hadi ikulu alikuwa ameonyesha *Kinyozi wa Seville* jukwaani mwaka 1775, na wakati huohuo alikuwa akienda London kwa kazi za kificho za mfalme. Huko ndiko alikokutana na Arthur Lee. Lee alitoka katika ukoo mkubwa wa Virginia. Kaka yake Richard Henry ndiye aliyetoa hoja ya uhuru mbele ya Kongresi Juni 1776. Arthur alisoma Eton, akachukua udaktari Edinburgh, kisha akaacha udaktari na kusomea sheria London. Alikuwa na akili na kalamu kali, ila hakumwamini mtu yeyote asiyekuwa wa ukoo wake.

Walichoambiana watu hawa wawili London hakikuandikwa kwenye mkataba wowote. Lee alielewa kwamba mfalme wa Ufaransa atatoa silaha zenye thamani ya paundi 200,000 kama msaada, na kwamba mazao yatakayotumwa kutoka Marekani yatakuwa kiini macho tu cha kuwadanganya Waingereza. Akapeleka habari hiyo nyumbani kwa mdomo wa mjumbe, na Oktoba 1776 Benjamin Franklin na Robert Morris waliiandika kama kumbukumbu ya siri Philadelphia.

Kumbe tarehe 10 Juni 1776 hazina ya Ufaransa ilikuwa imeshampa Beaumarchais livre (fedha ya Ufaransa ya wakati ule) milioni 1, na baadaye Hispania ikaongeza milioni nyingine. Waziri wa mambo ya nje, Vergennes, alitaka mkono wa serikali usionekane kabisa. Maelekezo yake yalikuwa kwamba Beaumarchais aanzishe kampuni inayofanana na kampuni yoyote, achukue bunduki na mizinga ya zamani kutoka maghala ya jeshi, awauzie Wamarekani kwa mkopo, apokee tumbaku yao, aiuze, na kwa mapato hayo anunue mzigo mwingine. Kampuni ikapewa jina la Kihispania la kubuni, Roderigue Hortalez, na ofisi yake ikawekwa katika jumba kubwa la mtaa wa Vieille du Temple, Paris.

Kwa hiyo tayari kuna hadithi mbili za mzigo mmoja. Ni kama lori linalofika msibani limejaa mchele: mwenye msiba keshaambiwa kwa simu kuwa ni rambirambi, na dereva ana ankara mfukoni. Hakuna anayesema uongo, na bado lazima wagombane.

Deane alifika Paris Julai 1776 bila kujua lolote kati ya hayo. Kifaransa chake kilikuwa cha kubahatisha. Vergennes alimwelekeza kwa Beaumarchais, wakaandikiana barua za makubaliano, na Deane akakubali kama mfanyabiashara yeyote angekubali: bidhaa kwa mkopo, malipo kwa mazao. Lee aliposikia kwamba mtu wa Connecticut amechukua kiti alichojiandalia yeye London, na kwamba zawadi aliyoitangaza sasa ina bei, alifikia hitimisho moja tu: hawa wawili wanagawana.

Lazima niseme kwamba Beaumarchais hakujisaidia. Desemba 1776 alikwenda bandari ya Le Havre kusimamia upakiaji kwa jina bandia la Durand, kwa siri kubwa. Akakuta mjini hapo waigizaji wanaharibu *Kinyozi wa Seville*. Akashindwa kujizuia, akaanza kuwafundisha. Mji mzima ukajua Durand ni nani, balozi wa Uingereza akalalamika, na amri ikatoka ya kusimamisha meli. Moja yao, *Amphitrite*, ilikuwa imeshaondoka, lakini ikarudi kwa sababu ofisa wa mizinga aliyekuwamo, Tronson du Coudray, hakuridhika na hali ya safari. Ilibidi iondoke tena. Hata hivyo *Mercure* na *Amphitrite* zilifika Portsmouth, New Hampshire, miezi ya mwanzo ya 1777, na shehena zake zililifikia jeshi la kaskazini kabla Jenerali Burgoyne wa Uingereza hajasalimu amri Saratoga tarehe 17 Oktoba. Ulichosoma kuhusu Saratoga kina msingi.

Huyo du Coudray ni kisa kingine. Deane, aliyezingirwa na maofisa wa Ufaransa wanaotafuta vyeo, alimwahidi umeja jenerali na uongozi wa mizinga yote. Majenerali wa Marekani Knox, Greene na Sullivan wakatishia kujiuzulu kwa pamoja. Mambo yaliisha du Coudray alipokufa maji mtoni Schuylkill Septemba 1777, na Kongresi ikashusha pumzi. Ni kweli Deane pia ndiye aliyemwandikisha Lafayette, Mfaransa aliyekuja kuwa shujaa wa vita hivyo, ila siku hizo watu walikumbuka zaidi wale waliowaudhi.

Mwisho wa 1776 Kongresi iliwafanya watatu kuwa tume moja: Franklin, Deane na Lee. Franklin alihamia Passy, nje kidogo ya Paris, katika nyumba ya Le Ray de Chaumont, tajiri ambaye naye alikuwa muuzaji wa vifaa vya jeshi. Kodi hakudai. Unaona mwenyewe: mjumbe mkuu wa taifa anaishi bure kwa mtu anayetaka zabuni. Franklin hakuona tatizo. Lee aliliona asubuhi, mchana na jioni.

Uwanja mkali zaidi wa mapambano ulikuwa bandari ya Nantes. Huko ndiko meli za Marekani zilikoshusha tumbaku na ngawira, yaani meli za Waingereza zilizotekwa baharini, na aliyeshika uwakala wa bandari alishika kamisheni. Wakala wa kwanza alikuwa Thomas Morris, ndugu wa baba mmoja wa Robert Morris, kijana aliyezama kwenye pombe. Wajumbe waliandika nyumbani kumlalamikia. Robert Morris akakasirika, akidhani mdogo wake anasingiziwa, kisha ukweli ulipomfikia akaomba radhi. Katikati ya vurugu hizo Franklin na Deane walimpa kazi Jonathan Williams, mjukuu wa dada yake Franklin. Wakati huohuo Kongresi ilimteua William Lee, kaka yake Arthur, kuwa wakala wa biashara wa Ufaransa nzima. Thomas Morris akafariki mwanzo wa 1778. William Lee, ambaye tayari alikuwa amepandishwa kuwa mjumbe wa Vienna na Berlin, akamkabidhi uwakala mfanyabiashara wa Nantes aitwaye Schweighauser.

Sasa Nantes ina mawakala wawili, kila mmoja na barua yake ya uteuzi, kila mmoja akituma ankara Passy. Bunduki moja inanunuliwa na huyu, inatengenezwa na yule, inasafirishwa na wa tatu. Ukoo wa Franklin upande mmoja, ukoo wa Lee upande wa pili. Fahali wawili zizi moja. Lee alikataa kutia saini malipo ya Williams mpaka apate vocha. Kisheria alikuwa sahihi. Kiutendaji, nguo za askari zilikaa ghalani. Na deni la kampuni ya Schweighauser halikuisha na vita: miaka ya 1780, Thomas Jefferson akiwa mjumbe Paris, alikuta silaha za Marekani zimezuiwa Nantes kwa amri ya mahakama kwa ajili ya deni hilo.

Hatukosi kituko hapo. William Lee alikuwa mjumbe wa taifa lililoasi huku bado ni diwani mteule wa jiji la London, cheo ambacho hakukiachia kwa miaka kadhaa. Wapinzani wake hawakusahau kulitaja hilo.

Nilisema Lee alikuwa sahihi katika jambo moja kubwa. Alidai mara kwa mara kwamba siri za Passy zinavuja, na akamnyooshea kidole Edward Bancroft, mwanasayansi kutoka Massachusetts ambaye utotoni alifundishwa na Deane, na sasa alikuwa kama katibu wa tume. Franklin na Deane walimcheka. Bancroft alikuwa jasusi kweli. Kila Jumanne, baada ya saa tatu na nusu usiku, taarifa zake zilizoandikwa kwa wino usioonekana zilichukuliwa kutoka kwenye chupa iliyofichwa ndani ya shimo la mti katika bustani ya Tuileries, na ndani ya siku chache zilikuwa London. Aidha alitumia habari hizohizo kucheza kamari kwenye soko la hisa la London, jambo lililomfanya Mfalme George III aziamini kidogo taarifa zake. Ukweli kumhusu haukujulikana kwa umma hadi mwishoni mwa karne ya 19, nyaraka zilipofunguliwa.

Kwa nini basi hakuna aliyemsikiliza Lee? Kwa sababu alimshuku kila mtu. Alimshuku Franklin, Deane, Williams, Chaumont, Beaumarchais, hadi watumishi wa nyumbani. Anayeshuku watu ishirini lazima ampate mmoja mwenye hatia, lakini hapati wa kumwamini. Na yeye mwenyewe hakuwa salama: Juni 1777 akiwa Berlin, mtumishi wa balozi wa Uingereza Hugh Elliot aliiba karatasi zake hotelini, zikanakiliwa. Katibu wake mmoja, Thornton, naye alikuwa akilipwa na Waingereza.

Kuna jambo linalomtetea Lee ambalo waandishi wengi wanalipita haraka. Mwanzoni mwa 1777 alikwenda Hispania. Hawakumruhusu kufika Madrid, lakini walimkutanisha na Diego de Gardoqui, mfanyabiashara wa Bilbao, na kupitia kwake vikatumwa Marekani vifaa vilivyogharimiwa na mfalme wa Hispania. Vilikuwa msaada wenye sura ya biashara, sawasawa na alivyoeleza kuhusu Beaumarchais. Ukiwa umeona jambo likifanyika hivyo Bilbao, utamwaminije anayekuambia kwamba Paris ni tofauti? (Gardoqui mwenyewe alikuja kuwa mwakilishi wa Hispania nchini Marekani mwaka 1785. Mchuuzi akawa balozi.)

Mikataba ya ushirikiano na Ufaransa ilitiwa saini tarehe 6 Februari 1778, na hata siku za ushindi huo waligombana, safari hii kuhusu molasi. Kifungu kimoja cha mkataba wa biashara kilisema Ufaransa haitatoza ushuru molasi inayotoka visiwa vyake kwenda Marekani. Kilichofuata kikasema Marekani haitatoza ushuru bidhaa yoyote inayokwenda visiwa hivyo. Molasi iliwanufaisha watengeneza ramu wa New England. Lee wa Virginia aliona nchi nzima inafungwa mikono kwa ajili ya bidhaa moja ya kaskazini. Kongresi ilikubaliana naye, na vifungu vyote viwili vikafutwa. Alikuwa mkorofi, lakini hakuwa mjinga.

Wakati huo barua za Lee kwenda kwa kaka zake zilikuwa zimefanya kazi. Kongresi iliamua kumwita Deane nyumbani, na barua ikamfikia Machi 1778. Ilisema inataka kupata taarifa ya hali ya Ulaya. Deane akadhani atakwenda, ataeleza, atarudi. Hapo alifanya kosa ambalo mimi naliona kubwa kuliko yote: aliacha hesabu zake Paris. Alipanda meli za Admeri d'Estaing pamoja na balozi mpya wa Ufaransa, Gérard, akiwa na kisanduku cha dhahabu chenye picha ya Mfalme Louis XVI na almasi, zawadi ya kuagwa kwa heshima. Akafika Philadelphia Julai kama shujaa, na kitu cha kwanza alichoulizwa ni risiti.

Nafasi yake ilichukuliwa na John Adams, ambaye alipofika Passy alishangaa kukuta hakuna daftari la barua, la kumbukumbu, wala la hesabu. Adams hakuwa mpenzi wa Deane, lakini aliona pia kwamba lawama hiyo haikuwa ya mtu mmoja.

Kongresi ilimweka Deane kwenye benchi kwa miezi mitano. Uvumilivu ukamwisha. Tarehe 5 Desemba 1778 alichapisha gazetini barua ndefu kwa wananchi akiwashambulia ndugu wa Lee kwa majina, na siri za tume zikawa mazungumzo ya baa. Rais wa Kongresi, Henry Laurens, alitaka Deane achukuliwe hatua; alipokosa kura, akajiuzulu tarehe 9 Desemba, na John Jay akashika nafasi. Baraza likagawanyika: Richard Henry Lee na Samuel Adams upande mmoja, Robert Morris na wenzake wa biashara upande wa pili.

Ndipo alipoingia Thomas Paine, mwandishi mashuhuri wa siasa. Wakati huo alikuwa katibu wa kamati ya mambo ya nje, na nyaraka za siri zilikuwa mezani kwake. Januari 1779 aliandika gazetini kwamba ana ushahidi wa maandishi kuwa misaada ya Ufaransa iliahidiwa kama zawadi kabla Deane hajafika Paris. Alidhani anammaliza Deane. Kumbe anamvua nguo mfalme wa Ufaransa, ambaye alikuwa ameiambia Uingereza kwa miaka miwili kwamba hahusiki. Gérard akapeleka malalamiko rasmi. Paine akajiuzulu tarehe 8 Januari, na siku nne baadaye Kongresi ikatangaza kwamba mfalme hakuwahi kutoa zawadi ya vifaa kabla ya mkataba.

Tafakari uzito wa tangazo hilo. Kama si zawadi, basi ni deni, na anayedai ni Beaumarchais. Siku tatu tu baadaye Jay alimwandikia barua ya shukrani na ahadi ya kumlipa. Ili kulinda heshima ya mshirika wao, Kongresi ilikuwa imesaini hati yake yenyewe ya kudaiwa, na ikatumia zaidi ya nusu karne kujaribu kujinasua.

Ugomvi huu pia ulifika kwa askari, na kisa kinachonichukiza kuliko vyote kilitokea Juni 1780. Arthur Lee, ambaye naye alikuwa ameondolewa kazini, alikuwa Lorient akisubiri meli ya kivita *Alliance* kwenda nyumbani. Franklin alikuwa ameikabidhi kwa nahodha John Paul Jones, ili ipeleke sare na silaha ambazo jeshi la Washington lilikuwa likizingoja. Lee akamshauri nahodha wa zamani wa meli hiyo, Mfaransa Landais, kwamba kisheria meli bado ni yake. Jones aliposhuka pwani, Landais akaitwaa. *Alliance* ikaondoka na Lee ndani, ikiacha sehemu kubwa ya mizigo bandarini. Katikati ya bahari mwenendo wa Landais ukawa wa ajabu kiasi kwamba maofisa na abiria walimwondolea uongozi. Ushauri wa kisheria wa Lee ulikuwa na hoja. Askari walioendelea kuvaa matambara hawakuhitaji hoja.

Deane alirudi Ufaransa 1780 kwa gharama zake ili aweke hesabu sawa. Mkaguzi aliyeahidiwa akachelewa, pesa zikamwishia, na moyo ukavunjika. Mwaka 1781 aliandika barua kwa rafiki zake akisema Wamarekani hawawezi kushinda vita na heri kupatana na Uingereza. Barua hizo zikaishia mikononi mwa Waingereza na kuchapishwa New York, karibu wakati uleule habari za ushindi mkubwa wa Wamarekani na Wafaransa huko Yorktown zinasambaa. Waingereza walikuwa wamekubali kumlipa kwa huduma yake, kwa hiyo sitamtetea hapo. Lakini angalia mfuatano: kwanza aliitwa msaliti na mwizi, miaka mitatu baadaye ndipo akawa kitu kinachofanana na msaliti. John Jay, rafiki yake wa zamani, alikataa kukutana naye London.

Septemba 1789 alipanda meli kurudi Amerika, akaugua ghafla na kufa kabla meli haijaiacha pwani ya Uingereza. Mwaka 1959 mwanahistoria Julian Boyd alitoa dhana kwamba Bancroft alimwekea sumu ili asifichue ujasusi wake. Bancroft alikuwa ameishi Guiana, Amerika Kusini, na kuandika kuhusu sumu za huko. Dhana hii inapendwa sana, hasa na wanaopenda hadithi za majasusi. Mimi siikubali. Bancroft ndiye aliyekuwa akimsaidia Deane katika umaskini na maradhi yake ya muda mrefu, na hakuna ushahidi wa sumu, ila nia inayobuniwa.

Turudi kwenye pesa, kwa maana ndiyo uliyoniuliza kwanza. Mwaka 1783 Ufaransa na Marekani ziliandikiana orodha ya misaada, na humo Ufaransa ikataja livre milioni 3 zilizotolewa bure kabla ya mkataba wa 1778. Miaka michache baadaye Franklin na mwenye benki wake, Ferdinand Grand, walipofungua vitabu, walikuta milioni 2 tu zimepita mikononi mwao. Milioni ya tatu iko wapi? Waliuliza Paris, serikali ikathibitisha kwamba ilitolewa tarehe 10 Juni 1776, lakini ikakataa kuonyesha stakabadhi. Kila aliyekuwa na akili alijua ni nani aliyeipokea. Arthur Lee, ambaye sasa alikuwa katika Bodi ya Hazina, alipata nafasi aliyoingoja: ukaguzi wa 1787 ulitoka na jibu kwamba Beaumarchais ndiye anayedaiwa, livre 742,413. Alexander Hamilton, waziri wa fedha, alikagua tena 1793 na kuona kinyume, kwamba Marekani inadaiwa zaidi ya milioni 2, ila alikwama kwenye milioni ileile. Mwaka uliofuata, baada ya mapinduzi ya Ufaransa kufungua makabati ya mfalme, Gouverneur Morris, mjumbe wa Marekani Paris, alipata nakala ya stakabadhi. Ilikuwa na saini ya Caron de Beaumarchais.

Je, hiyo inamfanya mwizi? Hapana. Milioni ile ilikuwa mtaji aliopewa na mfalme wake kwa kazi ya siri, na alipaswa kuwajibika kwa mfalme, si kwa Kongresi. Alinunua na kupeleka mizigo yenye thamani iliyozidi sana mtaji huo, kwa mikopo aliyoitafuta mwenyewe. Lakini Wamarekani nao walikuwa na haki ya kuuliza: kama milioni hii imeandikwa kuwa zawadi kwetu, kwa nini tuilipe tena kwa mtu aliyeipokea kwa niaba yetu? Kwa maoni yangu aliyestahili kulijibu swali hilo ni serikali ya Ufaransa, na ndiyo iliyokaa kimya kwa kuwa siri ilikuwa yake.

Beaumarchais alifariki 1799. Mwaka 1835 warithi wake walipata faranga 800,000, baada ya Marekani na Ufaransa kusaini mkataba wa 1831 wa kumaliza madai ya wananchi wa pande zote mbili, ambamo Marekani ilitenga faranga milioni 1.5 kwa Wafaransa wote wanaodai. Na mwaka 1842 Kongresi iliamua kwamba ukaguzi wa zamani wa hesabu za Deane ulikuwa na makosa na ulimdhulumu, ikawapa warithi wake dola 37,000.